Uzi wa Maji

"Magoti!" alipaza sauti Mzee Ruka, na magoti yote yaliyokuwamo ndani ya lifti yakakunjika, ya wasichana na ya wavulana, hata ya mshona suti wa ghorofa ya sita, ambaye alikuwa na nguo ya mteja mkononi na haraka zake usoni.

Lifti ilikuwa imefika pale ilipozoea kushtuka, katikati ya ghorofa ya nne na ya tano. Ikashtuka. Taa ikafumba jicho, ikafumbua. Sanduku zima likatetemeka, likaguna, kisha likaendelea kupanda kana kwamba si lenyewe lililofanya hivyo.

"Mmeona?" alisema Mzee Ruka, mkono wake haujatoka kwenye kishikio cha shaba cha kuiendeshea lifti. "Leo imepiga chafya tu. Siku ikiamua kukata kamba, msikae kama magunia. Kunja goti, sikiliza. Ikikaribia chini, kabla haijagonga tu, ruka! Lifti itavunjika peke yake, wewe uko hewani unaitazama."

"Na nikiwahi kuruka?" aliuliza mwanafunzi mmoja mgeni, aliyekuwa amekumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga.

"Ukiwahi utatua, utaruka tena. Kwani miguu umeazima?"

Wakacheka mpaka ghorofa ya saba.

Jina la Ruka hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wa masomo ya ziada waliokuwa wakipanda kwa Mwalimu kila siku, na sasa hata daktari wa meno aliyepanga mle alimwita hivyo bila kujua kwamba kuna jina jingine. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa amezeekea ndani ya sanduku lile, akiwapandisha watu na kuwashusha, na katika kazi ya kwenda juu na kurudi palepale, mtu akiambulia jina ameambulia kitu.

Elimu yake ya kuruka aliipata ujanani. Alikuwa amedandia mkokoteni uliojaa magogo, kwenye mteremko, mwenye mkokoteni ukamshinda, ukaenda wenyewe moja kwa moja hadi kwenye ukuta. Wenzake waliendelea kukaa. Yeye akaruka. Wenzake walilazwa hospitali, yeye akachubuka goti. Tangu siku hiyo aliamini kwamba duniani kuna watu wa aina mbili tu, wanaoruka na wanaokaa, na imani hiyo ndiyo iliyompa usingizi miaka yote, akijua aliyoyajua kuhusu lifti ile.

Wanafunzi walitoka wakisukumana. Wa mwisho alikuwa mjukuu wake wa kike.

"Hebu simama kidogo, mama," alimwambia.

Kwenye kola nyeupe ya sare yake palikuwa na vumbi jekundu, laini kama pilipili ya kusaga. Alijaribu kulipangusa kwa kidole. Halikutoka. Lilijipaka, likaacha mstari.

"Babu, umenichafua!"

"Nenda darasani. Utafua jioni."

Alimsindikiza kwa macho mpaka alipoingia. Kisha akatazama dari ya lifti, pale penye kifuniko cha bati cha kutokea juu, akaona ukingo wote umezungukwa na wekundu uleule. Jana haukuwapo. Au ulikuwapo, na jana alikuwa anawachekesha watu.

Mchana, watu walipotawanyika kutafuta chakula, aliisimamisha lifti chini kabisa, akapanda juu ya kigoda chake, akasukuma kifuniko na kutoa kichwa gizani, tochi mdomoni.

Zamani kamba za lifti ile zilikuwa nne. Moja ilitolewa na fundi kwa ahadi kwamba mpya inakuja, na mpya haikuja. Tatu zilizobaki Mzee Ruka alizijua kama mtu anavyoijua mishipa ya mkono wake. Alichukua kitambaa akakipitisha juu ya mojawapo. Kitambaa kikanasa. Nyuzi nyembamba za chuma zilikuwa zimekatika na kuchomoza nje kama ndevu zinazoanza kuota. Chini ya kila kamba, juu ya paa la lifti, vumbi jekundu lilikuwa limejikusanya katika vilima vidogo. Chuma kilikuwa kinajisaga chenyewe kwa ndani, kimyakimya, kila alipopandisha na kila aliposhusha.

Pembeni aliona waya.

Lifti ile ilikuwa na breki ya dharura, makucha mawili yaliyotakiwa kuuma reli za shimo pindi lifti ikienda kasi kupita kiasi. Uzee uliyatia wasiwasi. Yakawa yanauma ovyo, kwa mshtuko mdogo tu, na watu wakabaki wananing'inia katikati ya ghorofa, huyu anapiga kelele, yule anasali. Wapangaji walilalamika kwa umoja ambao hawajawahi kuwa nao kwa jambo jingine lolote. Msimamizi wa jengo akamleta fundi, na fundi akayafunga makucha kwa waya wa kufungia nondo, huku Mzee Ruka akimmulikia tochi. Siku ile lifti haikukwama hata mara moja, na wapangaji walimpigia fundi makofi. Mzee Ruka naye alipiga. Breki ya nini, na mtu ana magoti?

Alishuka kwenye kigoda akampigia simu Msimamizi.

"Bosi, kamba zinatoa vumbi."

"Mji mzima una vumbi, Mzee." Msimamizi alikuwa anakula. Alisikika akimeza.

"Hili ni jekundu. Ni chuma."

"Basi paka grisi."

"Grisi haiungi chuma kilichokatika, bosi."

"Mzee wangu, nisikilize. Kesho asubuhi kinaletwa kiti kipya cha daktari wa meno. Kizito, na mashine zake. Kikishapanda salama, tutakaa mimi na wewe tuzungumze habari za kamba. Sawa?"

"Na kisipopanda?"

"Kitapanda. Kama mkono wako umechoka, kuna kijana ananisumbua kila siku anataka kazi. Ila na yeye atahitaji chumba."

Akakata simu. Mzee Ruka alibaki ameshika yake sikioni, kama mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya shimo la lifti, chini ya ngazi, hakina dirisha, lakini kilikuwa na mlango unaofungika na taa isiyozimwa. Tangu mama wa yule binti afariki, babu na mjukuu walilala humo. Kitanda cha mjukuu kilikuwa kimeegemea ukuta wa shimo, na lifti ikipita juu kulisikika kwikwi ndogo upande wa pili wa tofali. Unga ukimwagika, paa nalo litakwenda. Mzee Ruka aliwaza hayo, akajikaza, akatafuta kopo la grisi. Lifti imeshtuka miaka mingi na haijaanguka. Na ikianguka, kuna magoti.

Alipopaka alichoweza kupaka, kengele ikalia kutoka ghorofa ya saba. Alikuwa Mwalimu.

Mguu mmoja wa Mwalimu ulisinyaa utotoni, akatembea kwa gongo tangu hapo. Kila asubuhi Mzee Ruka alimpandisha yeye kwanza, na kila jioni alimshusha yeye mwisho, wakitaniana njia nzima. Darasa lake lilikuwa juu kabisa kwa sababu vyumba vya juu ndivyo hakuna anayevitaka, na bila lifti asingefika hata ghorofa ya pili.

"Mzee Ruka, njoo unisaidie," alisema akiwa mlangoni. "Hawa wangu wanajua kuimba tu. Sikiliza. Mchapuko wa mvutano wa dunia ni ngapi?"

"Tisa nukta naneee!" likaitika darasa zima.

"Maana yake nini?"

Vichwa vikainamia madaftari.

"Maana yake ni tisa nukta nane, Mwalimu," alijitolea mmoja.

Mwalimu alimtazama Mzee Ruka kama mtu aliyeleta shahidi mahakamani. "Umeona? Haya. Nikiachia kitu kutoka hapa juu, hakishuki kwa mwendo mmoja. Sekunde ya kwanza dunia inakipa mwendo. Ya pili inakiongezea mwingine kama uleule, juu ya ule wa kwanza. Ya tatu hivyohivyo. Haichoki kuongeza. Hiyo tisa nukta nane si mwendo, ni nyongeza ya kila sekunde. Na haimtazami mtu usoni. Tofali, msumari, mnene, mwembamba, ukiweka kando habari za hewa, wote wanapewa nyongeza moja."

"Hata lifti?" aliuliza Mzee Ruka.

"Hata lifti."

"Na mtu aliyemo ndani ya lifti?"

"Rukaaa!" darasa likalipuka kwa kicheko, na wawili watatu wakaruka kwelikweli.

Mwalimu hakucheka. Aligonga gongo sakafuni. "Hilo swali ni zuri kuliko yenu yote ya wiki hii. Nani ana chupa ya maji?"

Chupa ya plastiki ilipatikana. Aliitoboa ubavuni, karibu na kitako, kwa ncha ya bikari, akaijaza kwenye ndoo iliyokuwa kona ya darasa. Uzi mwembamba wa maji ukaruka kutoka kwenye tundu, ukapinda, ukadondokea viatu vya waliokaa mbele.

"Kwa nini maji yanatoka?"

"Kwa sababu ya juu yanayakandamiza ya chini," alisema mjukuu wa Mzee Ruka.

"Na chupa kwa nini haiendi nayo chini?"

"Umeishika, Mwalimu."

"Nimeishika. Sasa tuone nisipoishika."

Walitoka wote kwenye ngazi. Ngazi za jengo lile zilizunguka tundu refu la hewa, na ukichungulia kutoka juu uliona sakafu ya chini, ndogo kama sahani. Mjukuu akapewa chupa, tundu amelizuia kwa kidole gumba. Mzee Ruka aliombwa ashuke ghorofa moja, asimame kando ya reli ya ngazi, na kazi yake ilikuwa moja tu, kutazama maji.

"Babu, uko tayari?"

"Niko tayari!"

Binti alitoa kidole. Uzi wa maji ukaruka. Akaiachia chupa.

Ilipita mbele ya uso wa Mzee Ruka kufumba na kufumbua, lakini aliona. Tundu lilikuwa wazi, maji yalikuwa tele ndani, na hakuna hata tone lililotoka. Yalikuwa yametulia, kama watu walioambiwa wakae kimya. Kisha chini kukapasuka.

"Rudieni!" alipaza sauti.

Wakaleta chupa nyingine, wakaitoboa. Alishuka ghorofa moja zaidi. Ilipompita safari hii ilikuwa na kasi kuliko ya kwanza, karibu imponyoke machoni, na maji yalikuwa vilevile, yametulia.

Alipanda akihema. Alikuwa na swali moja, na alilibeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

"Lile tundu liliziba?"

"Halikuziba," alisema Mwalimu. "Maji na chupa vilikuwa vinaanguka sawasawa. Hakuna aliyemkandamiza mwenzake, na maji hayakuwa na pa kusukumia."

"Na mtu?"

"Mtu ni maji, Mzee wangu. Lifti ni chupa. Kamba ikikatika, sakafu inakukimbia chini ya nyayo kwa mwendo uleule unaoanguka wewe. Utaelea humo kana kwamba huna uzito. Goti utalikunja, sawa. Utasukuma nini?"

"Mimi niliruka kwenye mkokoteni."

"Ulikuwa na ardhi pembeni ya kurukia. Humu pembeni hakuna. Na hata ukibahatika kusukuma, mruko wako ni wa kufikia rafu ya sahani. Lifti ikitoka juu hapa, ikifika chini ina mwendo wa basi kwenye barabara kuu. Utakuwa umechota kijiko kimoja kwenye pipa."

Wanafunzi walicheka, kisha wakauona uso wa Mzee Ruka, wakaacha mmoja mmoja.

Aliogopa. Haikuwa hofu mpya. Ilikuwa hofu ya miaka yote, kila mshtuko na kila mguno wa lifti ile, aliyokuwa ameisukumia nyuma ya neno moja. Sasa neno limeondolewa, na yote ikamjia kwa pamoja. Aliwaza watoto wangapi amewafundisha kukunja magoti. Aliwaza kola nyeupe. Akamshika Mwalimu mkono, akamvuta kando ya mlango.

"Kamba zinakatika," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nimeziona kwa macho yangu."

"Lakini kuna breki, Mzee. Lifti zote zina breki."

Mzee Ruka akapeleka macho sakafuni.

"Ile iliyokuwa ikitukwamisha," alisema Mwalimu, na sauti yake ikaanza kupungua. Alikuwa amewahi kukwama yeye, nusu siku nzima kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mguu umekufa ganzi, na kesho yake ndiye aliyempigia Msimamizi kelele kuliko wote. "Wameifanyaje?"

"Wameifunga kwa waya."

Mwalimu aliegemea ukuta. "Nilipiga makofi," alisema.

"Na mimi pia."

Masomo yalipokwisha, wanafunzi walijipanga mbele ya lifti kama kawaida yao, wakikanyagana visigino. Mzee Ruka alisimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Ngazi," alisema.

"Mzee Ruka, ghorofa saba!"

"Kushuka si kazi. Dunia itawasaidia. Haya, ngazi!"

Walinung'unika, lakini walikwenda, na vishindo vyao vikazunguka tundu la hewa mpaka vikapotea. Wakabaki watatu: yeye, Mwalimu, na mjukuu aliyebeba gongo la akiba.

"Nikishuka leo kwa ngazi, Mzee, sitapanda tena," alisema Mwalimu. "Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na mtihani wao umefika mlangoni."

"Najua, Mwalimu."

Wote waliitazama lifti. Ilikuwa wazi, taa inawaka, kigoda mahali pake. Ilionekana kama chumba cha mtu mpole.

"Labda leo tu," alisema Mwalimu, yeye mwenyewe aliyetoka kuwaonyesha ile chupa. "Mwaka mzima imeweza. Leo tu, halafu kesho tutajua la kufanya."

Kidogo Mzee Ruka akubali. Alimpenda kama binti wa kumzaa, na kesho ilimtisha kuliko shimo. Kesho ilikuwa na sura na sauti. Ilikuwa Msimamizi, kijana mwenye kuomba kazi, na godoro la mjukuu wake limeegemezwa barabarani. Shimo lilikuwa giza tu. Alinyanyua mguu, akaukanyaga ukingo wa lifti.

Juu ya dari kitu kikalia: tik. Sauti ndogo, ya mtu aliyevunja kijiti.

Hakuna aliyekuwa ndani. Hakuna aliyegusa kishikio. Vumbi likaanza kushuka kutoka kwenye ukingo wa kifuniko, jekundu, taratibu, likicheza kwenye mwanga wa taa, kwa kuwa vumbi ni jepesi na hewa hulibeba. Walilitazama mpaka likatua juu ya kigoda.

Mwalimu alimpa binti gongo lake, akajishika kwenye reli, akakaa kwenye kidato cha kwanza. Akajisogeza, akakaa kwenye cha pili.

"Mimi naishusha," alisema Mzee Ruka.

Mjukuu wake aligeuka. "Kwa nini? Iache hapahapa, Babu. Ifunge kwa kufuli."

"Ikikaa huku, ikianguka itapasua ukuta ulioegemewa na kitanda chako. Na kesho kijana wa Msimamizi atavunja kufuli, ataingia na kiti na wabeba kiti. Ikiwa chini imekaa kwenye springi za kitako cha shimo, haina pa kwenda. Nitang'oa kishikio, nikitupe shimoni. Bila kishikio haiendi popote mpaka aje fundi, na fundi akija ataona."

"Na sisi watatufukuza."

"Watatufukuza."

"Basi twende wote. Wawili."

"Huendi."

"Babu..."

"Nimesema huendi!"

Hakuwahi kumpigia kelele tangu aanze kumlea. Sauti ilizunguka ngazi, na chini kabisa mtu akauliza kuna nini. Mjukuu alimtazama, machozi yamesimama, hayadondoki. Kisha akakimbilia darasani. Alirudi na chupa iliyotobolewa, ameijaza hadi shingoni, kidole kiko kwenye tundu.

"Shika," alisema. "Hapa, weka kidole hapa. Ukianza kushuka kitoe. Maji yakiwa yanatoka, ujue umeshikwa."

"Na yasipotoka?"

Binti akageuka, akashuka ngazi mbilimbili kumfuata Mwalimu.

Mzee Ruka alivuta mlango wa vyuma, ukajifunga. Alipangusa vumbi kwenye kigoda, akakaa, na kwa mazoea magoti yake yakajiweka tayari, yamekunjika, visigino juu. Aliyatazama. Yalikuwa magoti ya mzee, yamechoka, na moja bado lina kovu la mkokoteni. Akayanyoosha polepole. Akashusha kishikio, akatoa kidole.

Lifti ikaanza kushuka. Uzi wa maji ukaruka mbele yake, ukapinda, ukagonga ukuta wa bati.

Kwenye ghorofa ya sita aliwaona kupitia vyuma vya mlango: Mwalimu amekaa kwenye kidato, sketi ameikusanya mikononi, mjukuu kidato kimoja chini yake ameshika magongo mawili kama mikuki. Waligeuza vichwa kwa pamoja. Kisha sakafu ikapanda mbele ya macho yake ikawafuta.

Juu ya dari, tik. Halafu tik nyingine.

Aliyakazia maji macho. Hakuwahi kuyatazama maji hivyo, hata siku ya kiu. Ghorofa ya tano ikapita. Alisikia vishindo nje ya ukuta, vyepesi, vya haraka. Yule mtoto amemwacha Mwalimu, anashindana naye kwa ngazi. Alitaka kumgombeza. Alitaka pia asiache kukimbia.

Lifti ikafika pale ilipozoea.

Ikashtuka. Taa ikafumba jicho, na sakafu ikamtoka chini ya viatu, kidogo tu, upana wa kucha, na ilipofumbua jicho uzi ulikuwa umekatika. Tundu lilikuwa wazi na maji yalikuwa yametulia ndani ya chupa.

Kishindo. Uzi ukarudi, ukamlowesha mkono.

"Babu!" kutoka kwenye ngazi, nyuma ya ukuta. "Yanatoka?"

"Yanatoka!" alijibu, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, nyembamba kama ya mtoto.

Ghorofa ya nne. Vumbi jekundu lilikuwa linamnyeshea mabegani, na hakulipangusa. Sakafu ilikuwa imelowa, maji yanatafuta njia kuelekea ukingoni, yakidondokea shimoni. Ghorofa ya tatu. Tik, tik, na safari hii hazikuachana. Ndipo alipoona jambo ambalo wala yeye wala mjukuu hawakulifikiria. Maji ya ndani ya chupa yalikuwa yanakwisha. Yalikuwa yamebaki juu kidogo tu ya tundu, na uzi haukuruka tena hadi ukutani. Ulikuwa umelegea, unaning'inia karibu na ubavu wa chupa. Yakiisha, hatajua tena kama ameshikwa au anaanguka.

Aliikumbatia chupa kwa kiganja na kiwiko cha mkono mmoja, asiachie kishikio. Ghorofa ya pili ilianza kuonekana, kwanza taa yake, kisha mjukuu wake aliyetangulia kufika, viatu vimejaa vumbi.

"Babu! Bado yanatoka?"

Aliinua chupa karibu na taa, akainamisha uso, akatazama.